Ukurasa wa Shukrani na Swali Lisilo na Mwenyewe

Ukitaka kujua mwandishi wa tasnifu ya hisabati tumizi ni nani, usianze na sura ya kwanza. Fungua ukurasa wa shukrani. Hapo utamkuta Mungu kwanza, kisha wasimamizi wawili au watatu na vyeo vyao vyote, kisha mfadhili, kisha mume au mke aliyevumilia, watoto waliozoea kulala bila kumwona mzazi, na mwishoni kabisa mama, ambaye mara nyingi hakusoma lakini aliuza kitu fulani ili mwanawe asome. Ni ukurasa mmoja, pengine mmoja na nusu. Ukiugeuza, mtu huyo hayupo tena. Kuanzia hapo mpaka mwisho utakutana na "sisi" asiyejulikana ni nani, na vitenzi visivyo na mtendaji: modeli iliundwa, thiorema ilithibitishwa, mapendekezo yalitolewa.

Nimekuwa nikisoma tasnifu za aina hii tangu Machi, hapa Sumbawanga, ambako nimerudi nyumbani kuandika ya kwangu ya uzamili. Nyingi ni za uzamivu, kutoka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na zinapatikana mtandaoni bure kwa mwenye bando na subira. Mwanzoni nilizisoma kwa sababu nililazimika. Nilipofika kama ya ishirini nilijikuta nazisoma jinsi ninavyosoma hadithi: nani anasema hapa? Anataka nini? Kipi hakisemwi? Haya basi ni maoni ya msomaji juu ya utanzu ambao haukuandikwa ili uhakikiwe. Sitataja jina la mwandishi wa tasnifu wala chuo, kwa sababu kasoro ninayoiona ni ya utanzu wenyewe.

Tasnifu ya hisabati tumizi ya kwetu, hasa ile ya magonjwa, ina mpangilio ambao ukisoma tatu utaukariri. Watu, au ng'ombe, au mihogo, wanagawanywa katika makundi: walio hatarini, walioambukizwa, waliopona. Mgawanyo huo uliandikwa na Kermack na McKendrick wa Scotland mwaka 1927, na bado unatumika kwa sababu unafanya kazi. Kisha inatafutwa R0, yaani idadi ya wastani ya wale ambao mgonjwa mmoja atawaambukiza katika jamii ambayo ugonjwa haujaingia. Ikiwa chini ya 1, ugonjwa utakufa wenyewe; ikizidi 1, utaenea. Njia ya kuikokotoa karibu kila mara ni ile ya van den Driessche na Watmough ya mwaka 2002. Kisha linakuja suala la uthabiti, kisha michoro ya kompyuta yenye mistari ya rangi, kisha mapendekezo kwa wizara.

Mpangilio huu siulaumu. Ushairi wetu wa arudhi nao una mizani na vina, na hakuna anayesema Shaaban Robert alikosa la kusema kwa sababu alihesabu silabi. Tena ndani ya mpangilio huu nimekutana na vifungu vizuri kweli. Nimesoma uthibitisho wa kurasa mbili unaokwenda kama mtu ashukaye mlima akijua kila jiwe, na mwisho wake ukanifanya nitabasamu peke yangu. Shida yangu iko kwingine, na inaonekana wazi kwenye jedwali la parameta.

Jedwali hilo, baada ya ukurasa wa shukrani, ndilo sehemu inayosema mengi zaidi katika tasnifu nzima. Kila herufi ya Kigiriki inapewa thamani, na kila thamani inapewa chanzo. Soma safu ya vyanzo polepole. Kasi ya vifo imetoka makala ya nchi moja, kasi ya maambukizi imetoka nchi nyingine, kasi ya kupona imetoka bara jingine, na tatu za mwisho zimeandikwa "kadirio". Kichwa cha tasnifu kinasema Tanzania. Ng'ombe aliyemo ndani anazaa kwa kasi ya ng'ombe wa kwingine, anaumwa na mbu wa kwingine, na anakufa kwa kukadiriwa.

Si lazima iwe hivyo, na sihitaji kwenda mbali kupata mfano. Ukishuka kutoka uwanda huu wa Ufipa upande wa mashariki unafika Bonde la Rukwa, na mbuga zinazolizunguka ziwa hilo ni moja ya sehemu chache duniani ambako nzige wekundu huzaliana mpaka wakawa makundi makubwa. Kati ya mwaka 1930 na miaka ya 1940 nzige hao walitapakaa sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Ndiyo maana mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Miaka 10 baadaye, mwaka 1959, P. Symmons alichapisha katika jarida la wanasayansi wa wadudu makala kuhusu jinsi hali ya hewa inavyoathiri idadi ya nzige wekundu katika Bonde la Rukwa. Mwaka huohuo yeye na mwenzake Gunn waliandika juu ya kutabiri milipuko ya nzige. Hiyo ni hisabati tumizi, hata kama hakuna aliyeiita hivyo, na bonde lililohesabiwa ni bonde letu, na mvua ni mvua yetu.

Basi tuna hali ya ajabu kidogo. Makala ya mgeni, ya wakati wa ukoloni, ina namba za Rukwa. Tasnifu zetu, zilizoandikwa na wenyeji katika nchi huru, zina namba za kuazima. Lakini kuna jambo moja ambalo maandishi hayo yote yanafanana. Swali la Symmons lilikuwa swali la shirika lake. Lilikuwa swali halali, la haraka, na huenda lilimfaa mkulima wa bondeni kuliko mtu yeyote. Ila mkulima huyo siye aliyeliuliza. Katika tasnifu zetu pia, ukimtafuta aliyeuliza, humpati. Sura ya kwanza inaanza na takwimu za shirika la kimataifa, inaendelea na neno "hata hivyo", na ghafla tatizo la utafiti limeshasimama pale, kama nyumba iliyojengwa usiku. Nani alilileta? Mwanafunzi? Msimamizi? Mfadhili? Hapo ndipo suala la usimamizi linapoingia, na linahitaji historia kidogo.

Kwa miaka mingi, kusimamiwa katika hisabati kwa Mtanzania kulikuwa na maana ya kusafiri. Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, aliipata Berlin, katika taaluma ya mwendo wa vimiminika. Mwaka 2002 Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ambao tangu mwaka 1961 ulikuwa ukisaidia sayansi katika nchi maskini, uliingia kwenye hisabati, na ukanda wetu ukapata mtandao wa idara za hisabati za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Humo ndimo ulimozoeleka utaratibu ambao wanafunzi wanauita sandwichi: miezi kadhaa Ulaya, miezi kadhaa nyumbani, msimamizi mmoja huku na mwingine kule. Mwaka 2011 Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ikaanza kupokea wanafunzi, na sasa mtu anaweza kuanza na kumaliza uzamivu wa hisabati tumizi bila kupanda ndege.

Sitaki kuudharau utaratibu huo wa sandwichi. Idara yenye maprofesa wachache na madarasa ya wanafunzi mamia haiwezi kumpa kila mtafiti saa moja kwa wiki. Kwa wengi, chaguo lilikuwa sandwichi au kubaki na njaa. Lakini msimamizi wa mbali ana kundi lake la utafiti, na kundi hilo lina maswali yake, zana zake na programu zake za kompyuta. Mwanafunzi anayefika na swali kutoka nyumbani hulinyoosha lilingane na zana hizo. Msimamizi wa karibu naye hana tofauti kubwa. Ana wanafunzi wengi, ana muda mchache, naye hupendelea swali analojua litaisha.

Nasema haya bila uchungu, maana kuchagua swali ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika uzamivu. Swali liwe dogo kiasi cha kumalizika kwa miaka mitatu au minne, na liwe jipya kiasi cha kustahili miaka hiyo. Mwanafunzi hajui bado kupima hilo. Anayejua ni mtu aliyewahi kuona maswali mengi yakifa. Kwa hiyo karibu kila swali la uzamivu linapita mikononi mwa msimamizi, na likitoka huko si lilelile. Hilo ni sawa. Kisicho sawa ni kwamba makabidhiano hayo hayaandikwi popote. Tasnifu inatuambia swali kama lilivyokuwa siku ya mwisho, na inafuta njia yote lilikopita.

Je, njia hiyo inaweza kuandikwa? Inaweza, na andiko bora ninalolijua la namna hiyo lilitoka hapahapa nchini. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza, "Cool?", ya Erasto Mpemba na Denis Osborne. Kisa chenyewe wengi tunakijua. Mwaka 1963 Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friji kutengeneza aiskrimu, akaogopa nafasi isiishe, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Tunachokisahau ni jinsi makala yenyewe ilivyoandikwa. Ina sauti mbili. Nusu ya kwanza ni ya Mpemba, kwa nafsi ya kwanza, kwa Kiingereza cha kijana wa sekondari. Nusu ya pili ni ya Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Hakuna "sisi" asiyejulikana ni nani.

Nusu ya Mpemba ni masimulizi halisi kama yale yanayochapishwa humu. Anaeleza kwamba mwalimu wa kwanza alimwambia amechanganyikiwa. Anaeleza kwamba rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia wao huweka ya moto kwa makusudi, kwa kuwa inawahi. Yaani wauza aiskrimu walishajua. Anaeleza kwamba alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hata kusoma majedwali ya logi, mwalimu alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaidaka kauli hiyo. Osborne alipotembelea shule yao, Mpemba aliuliza tena, mbele ya wenzake waliomcheka.

Kisha anaingia Osborne, na hapa ndipo ninapojifunza usimamizi. Hajifanyi kwamba aliamini. Anakiri kwamba alidhani kijana amekosea, ila hakutaka kumvunja moyo, akaahidi kujaribu. Alimpa fundi wa maabara kazi hiyo, na fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yalitangulia kweli, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Osborne angeweza kuiacha sentensi hiyo nje. Aliiweka, na kwa sababu aliiweka, msomaji wa leo anaona jinsi swali lilivyotoka jikoni mwa shule, likapita kwa muuza aiskrimu, kwa walimu wawili waliolikataa, kwa mhadhiri aliyelitilia shaka, kwa fundi aliyetaka liishe. Kila mkono umeandikwa.

Tusiipambe hadithi hii kupita kiasi. Mpemba hakuwa mwanafizikia. Makala ilipotoka alikuwa Mweka, karibu na Moshi, akisomea usimamizi wa wanyamapori. Msimamizi mwema wa siku moja hajengi chuo. Na jambo lenyewe bado lina utata: mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio yanayotilia shaka kama maji ya moto huwahi kweli. Lakini mwaka mmoja baadaye Lu na Raz waliligeuza swali hilo kuwa la hisabati, wakaonyesha kwa milinganyo mazingira ambayo mfumo wenye joto zaidi unaweza kuutangulia wenye joto kidogo katika kupoa, na tangu hapo limekuwa uwanja wa utafiti wenye watu wake. Hisabati ya Mpemba sasa ni hisabati kweli. Jibu linaweza kubadilika mara kumi, na makala ya 1969 haitachakaa, kwa kuwa ilihifadhi swali pamoja na mwenyewe.

Huku kwetu tunayo hadithi ya kale zaidi inayofanya kazi hiyohiyo. Wazee wa Ufipa wanasimulia habari za Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni akakaa Milanzi. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliiweka katikati ya maelezo yake juu ya dola ya Wafipa, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981. Ntatakwa alikuwa ameondoka kwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wageni, Watwa, na mkewe akawapa kigoda cha enzi. Aliporudi akakuta kigoda kina mtu. Wakakubaliana: wageni watawale nchi, yeye abaki na mlima wake wa Milanzi na heshima yake.

Ningeweza kuisoma hadithi hii kama malalamiko ya mwenyeji aliyeporwa, na ukisikia wanafunzi wa uzamivu wakizungumza baada ya chakula, utasikia Ntatakwa wengi waliorudi wakakuta swali lao limekaliwa. Lakini hadithi yenyewe hailalamiki. Inataja nani alikuwepo, nani alikuja, nani alitoa kigoda na wakati gani, na kila upande ulibaki na nini. Utawala ulipita, na kumbukumbu ya kupita kwake ikatunzwa pamoja nao, kiasi kwamba Milanzi haikuwahi kuwa mahali pa kawaida. Tasnifu zetu zina utawala. Milanzi yake haimo.

Nina sababu ya kulichukulia hili moyoni. Swali langu la kwanza la uzamili nililipewa na baba yangu mdogo. Analima mahindi, kama nusu ya mkoa huu, na kila mwaka Julai anasimama mbele ya magunia yake na kuuliza kitu kimoja: niuze lini? Akiuza sasa, bei iko chini kwa kuwa kila mtu anauza. Akisubiri mpaka Januari au Februari bei hupanda, lakini ada za shule nazo zinafika, na ndani ya magunia kuna dumuzi, mdudu aliyetokea Amerika ya Kati akaingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Pengine wakala wa hifadhi ya chakula atanunua kwa bei nzuri, pengine foleni itamshinda. Katika hisabati hili lina jina lake: ni tatizo la kusimama kwa wakati bora. Lina nadharia nzuri, na jibu lake ni kanuni fupi ambayo mtu anaweza kuikumbuka bila kalamu: bei ikifika hapa, uza, isipofika, subiri mpaka wakati fulani.

Nililipeleka. Lilirudi baada ya wiki kadhaa na maelezo mafupi: hakuna data, chukua ugonjwa wa majani ya mahindi, makundi manne, parameta zipo kwenye machapisho. Kwa kipimo cha muda na uwezo, aliyeniambia hivyo alikuwa na haki, na ninaandika anachotaka. Itakuwa tasnifu nzuri ya wastani. Sura yake ya kwanza itaanza na takwimu za shirika la kimataifa, na msomaji hatajua kamwe kwamba chini ya makundi yale manne kuna magunia.

Sasa nimepata nafasi ya uzamivu katika kundi la hisabati tumizi, na mtu ambaye huenda atanisimamia ameniuliza kwa barua pepe ninavutiwa na nini. Kabla ya kumjibu nimejiuliza ningetaka tasnifu yangu iweje kama maandishi. Sidai kwamba mwanafunzi aachiwe kila swali analokuja nalo, wala sitaki milinganyo ijazwe habari za mababu. Ninataka ukurasa mmoja tu, kati ya shukrani na sura ya kwanza, wenye majibu ya mambo matatu. Swali hili aliliuliza nani kwanza, na wapi? Lilibadilishwa na nani, na kwa nini? Kipi kilichobaki nje kwa sababu hatukuwa na data, muda au fedha? Msimamizi aweke saini chini yake kama anavyoweka kwenye cheti cha uthibitisho.

Ukurasa huo ungemfaa msimamizi pia. Kazi yake kubwa kuliko zote, ile ya kulikata swali mpaka likamilike, sasa hivi haionekani. Anashukuriwa kwa "mwongozo na uvumilivu", maneno ambayo hata dereva wa basi angeshukuriwa nayo. Ungemfaa mwanafunzi ajaye, ambaye angejua ni maswali gani yamekwisha kubishwa hodi na milango gani haikufunguka. Na ungebadilisha jedwali la parameta, kwa sababu ni vigumu kuandika kwamba swali limetoka Laela au Namanyere, kisha kurasa 60 mbele ukaazima namba zote ugenini bila kuona aibu.

Nimemjibu yule wa barua pepe. Nimemwandikia habari za magunia, nikamwambia niko tayari libadilishwe, kwa sharti kwamba mabadiliko yaandikwe. Bado hajajibu. Baba mdogo hakungoja. Wiki iliyopita aliuza magunia manane, akayatia dawa kumi na mawili yaliyobaki na kuyapanga juu ya mbao. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma hesabu, manane ni mengi au machache?"